Waziri Anamwandikia Mtawa Wake

Zuhura, shoga yangu,

Ko. Ko. Ko. Mgongo wa mwiko juu ya kifuu cha nazi. Sura yako imeanza kunitoroka na sauti yako naipata nusu nusu, lakini mlio huo haujapungua hata kidogo. Ni mkavu, na ndani yake mna uwazi. Uliniambia watawa wa Korea wana kigogo kilichochongwa tumbo tupu ambacho hukigonga wakisali, na sisi tusio na kigogo tutatumia kifuu. Ulikigonga kila nilipozidisha maneno. "Waziri, muda wako umekwisha! Kaa chini!" Na mimi bado nina hoja mbili mdomoni.

Sasa muda wote ni wangu. Hakuna anayenikatiza, na kumbe nilikuwa siwezi kufikiri bila kukatizwa.

Nilitaka nikuandikie kwa mpangilio yote yaliyobadilika tangu uondoke, kama mtu aliyesoma. Siwezi. Nitaandika yanavyokuja.

Unakumbuka siku ya kwanza darasani, hapa London? Fikra za Korea ya kale, chumba cha chini kisicho na dirisha, wanafunzi wachache, na sisi wawili na mitandio yetu. Mwalimu akatuuliza kwa upole kama tumekosea chumba. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha mtaani kwenu Barking kwamba hatujakosea, kisha ukanigeukia mimi usiyenijua, ukaniambia kwa Kiswahili kibovu kupita vyote nilivyowahi kusikia, "Huyu yeye anafikiri sisi tunatafuta choo." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Hivyo ndivyo nilivyokupata.

Wiki ile ile tukausoma ugomvi wa Wakorea hao. Wafalme wapya wameishika nchi, na waziri mmoja Mkonfusio, mfuasi wa mafundisho ya kale ya Kichina, anaandika kuwashambulia Wabudha: wanakimbia wazazi, wanakula bila kulima, wanawadanganya watu kwa habari za kuzaliwa upya. Miaka inapita, mahekalu yananyang'anywa ardhi, na mtawa mmoja anajibu. Anajibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na kaka yake. Ulifunga kitabu ukasema wewe utakuwa Mtawa na mimi niwe Waziri, kwa sababu nina uso wa mtu anayetoza kodi.

Sharti likawa Kiswahili tu. Mama yako alikusemesha Kiswahili tangu uko tumboni, na wewe ukamjibu Kiingereza miaka yote. Ulitaka kujifunza kumjibu kabla hajazeeka. Tukakubaliana: atakayeponyokwa na neno la Kiingereza ataosha masufuria. Mwaka mzima hukutoka kwenye sinki.

Na maneno tuliyapata. Ule wema ambao Wakonfusio wanauweka juu ya yote tuliuita utu, bila kubishana. Ule wa Wabudha tukauita huruma. Ukasema, "Basi tumemaliza, twende zetu tukale." Kumbe hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mimi nilisema utu una mahali pa kuanzia. Waziri anaueleza kama maji ya chemchemi: yanajaza kidimbwi cha kwanza, ndipo yanafurika kwenda cha pili, kisha cha tatu. Cha kwanza ni mama na baba. Cha pili ni watu wengine. Cha tatu ni wanyama na vyote vilivyobaki. Anayemwacha baba yake akaenda mlimani kuwahurumia wadudu anataka maji yaruke, na maji hayaruki. Nikasema tena: nywele hizo umepewa na wazazi wako, kwa nini unazinyoa?

Ukagonga kifuu. Ukasema maji yanayotuama kwenye kidimbwi cha kwanza yanaoza. Ukasema hao hao wenye utu wanachinja ng'ombe kwa karamu ya wazee wao, na ng'ombe naye ana mama. Ukasema aliyetoka nyumbani hakuwaacha wazazi, amejiongezea: kila mzee anayekutana naye njiani ni wake. "Wewe Waziri, ukimtoa baba yako, unamjua nani?"

Tulibishana kwenye chumba changu cha Peckham, tukabishana juu ya basi mpaka watu wakahama viti, tukabishana jikoni kwa mama yako, Bi Asya. Nadhani hukuwahi kujua hili: Bi Asya alitusikiliza muda mrefu akiamini kwamba Waziri na Mtawa ni wanaume, wako hapa hapa London, na kila mmoja wetu ana wake. Siku moja alinivuta kando, akanong'ona, "Raya mwanangu, hivi huyu Waziri wako ana mke?" Nikamwambia amekufa, Mama, zamani sana, kwao Korea. Akashika shavu. "Maskini. Na mie nishaanza kukuombea dua."

Nilikuwa nimekuwekea hadithi hiyo nikuchekeshe siku ukitoka hospitali.

Sikiliza, Zuhura. Kwa maneno mimi nilikuwa upande wa wazazi, lakini kwa miguu nilikuwa nimemwacha baba yangu Unguja, nikimpigia kwa kadi ya simu na kumwambia mwakani, inshallah. Na wewe uliyetetea kutoka nyumbani hukuwahi kulala nje ya flati ya mama yako mpaka ulipolazwa. Kila mmoja alitetea maisha ya mwenzake. Nimeliona hili majuzi tu, na hakuna wa kumwambia ila wewe.

Dawa zilipoanza kukupukutisha nywele uliniita nije na mashine. Ulikaa kwenye kiti cha jikoni, mama yako kasimama mlangoni na kanga mikononi. Nikakunyoa. Ukajipapasa kichwa, ukaniangalia kwa macho yale makubwa, ukasema, "Haya, Waziri. Sasa nimekuwa Mtawa kamili. Nisute." Ilikuwa zamu yangu, na hoja ilikuwepo. Sikuweza kuisema. Bi Asya akapiga magoti akaziokota nywele zako sakafuni, zote, hata zile zilizoingia chini ya friji, akazifunga kwenye kanga, akaenda kuzifukia kwenye chungu cha mrehani pale dirishani. Kwetu nywele za mtu hazitupwi.

Mrehani umekufa. Bi Asya hajakiondoa chungu. Kila asubuhi anamwagilia udongo.

Siku ya maziko, nyuma ya msikiti, waosha walitaka ndugu peke yao. Shangazi huna, dada huna. Mama yako hakuweza kusimama vizuri, lakini sauti yake ilisimama: "Mwacheni Raya amimine maji." Nikamimina. Walikuwa wakikugeuza kwa adabu, wakisema maneno yanayosemwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kopo na ndoo. Nilitazama maji yakitoka begani kwako, yakipita mkononi, yakishuka mezani, yakienda kwenye tundu la sakafu. Hayakusimama mahali popote yakajaza kitu. Nilikuwa nayaangalia kama mjinga. Mwosha mmoja akanigusa kiwiko. "Dada, maji."

Kisha wanaume wakakuchukua. Sisi wanawake hatufuati jeneza, ndivyo tulivyolelewa. Nilibaki nikikunja taulo.

Kwenye matanga mama mmoja kutoka Hayes, simjui, aliniuliza mimi ni nani wako. Nikasema rafiki. "Aa. Rafiki tu." Halafu akakumbuka adabu: "Makiwa." Nikamjibu "Tunayo" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepokea kitu cha watu.

Alikuwa na haki yake. Unakumbuka tulivyozisoma daraja za msiba za Wakonfusio? Mtoto anavaa katani isiyopindwa ukingo, anajenga kibanda kando ya kaburi. Ndugu wako chini yake, nguo yao laini kidogo. Binamu chini zaidi. Kila damu na nguo yake, kila nguo na muda wake. Rafiki hayumo. Na mimi Waziri nilizikariri zote nikazisifu, nikasema huzuni isiyo na daraja ni fujo.

Meneja wangu kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi naye ni Mkonfusio bila kujijua. Nilipoomba siku za kupumzika aliniuliza kama wewe ni mama, mume, mtoto au ndugu. Likizo yenyewe wanaiita ya huruma. Ulijue hilo, Mtawa, maana ungecheka mpaka ukohoe: huruma kwa jina, na mlangoni wanauliza damu. Simlaumu. Alinipa biskuti. Nikarudi ndani nikamlisha uji bibi mmoja anayeniita kila siku kwa jina la binti yake, na siku ile nikamwitikia.

Sijui nikueleze vipi hali yangu. Naswali, ndiyo. Maneno nayasema yote na yanatoka makavu. Wabudha wako wanasema kushikilia ndiko kunakotuumiza. Basi acha niumie, siachii. Wakonfusio wangu wanasema huzuni ipewe adabu, iwe na mwanzo na mwisho. Yangu haina adabu. Inanikamata kwenye foleni ya mkate. Inanikamata mtu akicheka kwa pua kama wewe. Sura ya tasnifu yangu kuhusu Waziri nimeimaliza, mwalimu ameisifu, hoja zote zimesimama wima, na siwezi kuitazama. Nani atagonga? Nimewaza sana kwamba labda hatukuwahi kufikiri chochote, tulikuwa tunapendana tu, na tukatumia Korea kama njia ya kukaa pamoja jikoni. Kama ni hivyo, basi hata elimu yangu imezikwa na wewe, na nimebaki na madaftari.

Yule mtawa. Kuna jambo lake uliniambia mwaka ule wa mwisho, tukiwa kwenye treni, na wewe umeegemea dirisha. Kabla hajawa mtawa alikuwa mwanafunzi kwenye shule kubwa ya Wakonfusio, kijana mwerevu, mambo yote yanamngoja. Rafiki yake waliyekuwa wakisoma pamoja akafa. Akatoka shuleni akaenda mlimani akanyoa nywele. Miaka yote ya kubishana, na jibu lake lote kwa Mawaziri, lilianzia hapo. Mimi nikakujibu, "Hiyo si hoja, Mtawa. Hiyo ni habari ya mtu." Ulitazama nje tu. Ulikuwa umeshapata majibu ya daktari na hukuwa umeniambia.

Sasa namwelewa. Asubuhi shule ilikuwa pale pale, mkeka pale pale, mwalimu anasoma pale alipoishia jana, na hakuna aliyeona kwamba haiwezekani kuendelea.

Baba alipiga simu. Si kawaida yake kupiga, gharama anaiogopa. Ami, ndugu yake, amenikatia tiketi. Baba hajambo, lakini miguu inamsumbua na macho yamepungua, na mama wa kambo ana wajukuu zake wa kuangalia. "Mwanangu, umesoma imetosha. Rafiki yako Mungu amrehemu, lakini wewe una baba." Kila neno lake lilikuwa langu, Zuhura. Ni kama nilimfundisha mimi, kama alikuwa amesimama nyuma ya mlango miaka yote tukibishana. Kidimbwi cha kwanza. Nilimwambia nitajifungasha, na nikaanza kweli, nikaweka vitabu kwenye maboksi, nikaona wepesi fulani wa uchovu, kama mtu aliyeshindwa kesi na sasa anaweza kulala.

Nilikwenda Barking kumuaga mama yako. Nilimkuta amekaa kitandani kwako akikunja nguo zako za kugawa. Anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena upande mwingine. Nikakaa sakafuni nikamsaidia. Akaniuliza habari za watu wetu wale, Waziri na Mtawa, maana amewazoea. "Yule Mtawa, hivi kilimtoa nini kwao?" Nikamsimulia. Shule, rafiki, kifo, mlima. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya ile sweta yako ya kijani.

Akauliza, "Na mama yake yule mwenzake?"

Nikasema mwenzake yupi, Mama.

"Yule aliyekufa. Mama yake alibaki na nani?"

Sikujua. Zuhura, sikujua, na sidhani wewe ulijua. Tumesoma miaka yote ile. Tunajua Waziri alisema nini juu ya roho, tunajua Mtawa alijibu nini juu ya ng'ombe. Mmoja anasema rudi kwa wazazi wako, mwingine anasema panda mlimani kwa ajili ya viumbe vyote. Yule mama yuko katikati, mlangoni, na wote wawili wamempita. Si mzazi wa mtu yeyote aliye hai. Si kiumbe cha mbali cha kuhurumiwa kwa jumla. Ana jina, na hakuna aliyeliandika.

Bi Asya hakuwa akinisema mimi. Ndilo lililoniumiza. Aliuliza kama anavyouliza habari za jirani, akaendelea kukunja. Yeye hajui hata kujihurumia. Baba yako alizikwa kabla hujaanza shule, mama yako ndugu zake aliwaacha Unguja baada ya Mapinduzi na wengine hajui waliishia wapi, na alikuwa na wewe peke yako, na wewe ulikuwa umeanza tu kumjibu Kiswahili.

Nilimpigia Baba simu siku ya pili yake. Nilisimama kwenye kibanda na kadi yangu, mvua inanyesha, nikamwambia sirudi. Nilijaribu kueleza. Hoja iliyokuwa safi kichwani ilitoka mdomoni kama uhuni. Nilisikia redio yake nyuma. Mwisho akasema, "Basi kaa na mama wa watu." Na baadaye, taratibu, "Radhi yangu sikunyimi. Lakini usiniulize tena kama nimelala vizuri."

Hilo nalo nimelibeba. Usidhani nimepata ushindi. Kama Waziri, nimelisaliti kila neno langu. Kama Mtawa, sijafika hata mguu wa mlima. Simhurumii kila mtu, nina mtu mmoja tu, na hata huyo sina uhakika kama ninamhurumia au naogopa kuwa peke yangu mahali ambapo wewe hupo. Baba yangu anazeeka gizani kule na mimi najua. Huruma yako isiyo na daraja haikuniambia kwamba kila ninapokaa kuna mahali ninapokosekana.

Na mama yako na mimi hatufarijiani, usijidanganye. Anakaa upande wake wa sofa, mimi wangu, katikati mahali pako. Chakula kinapoa. Jumapili alipika wali wa nazi, akapasua nazi akaikuna mwenyewe, kifuu akakitupa, na mimi nikakiokota kwenye pipa la taka nikakiosha. Akaniona. Nimejaribu kukigonga. Ni mlio ule ule na si ule kabisa.

Nakuahidi haya, na ni machache kwa sababu sina nguvu ya kuahidi makubwa. Hoja zako nitaziandika kama ulivyozisema, na pale uliponishinda nitaandika kwamba ulinishinda. Chungu hakitatupwa. Mama yako akisema neno, atajibiwa kwa Kiswahili. Baba nitampigia kila wiki, nitamuuliza habari zote isipokuwa ile moja. Nenda salama, Mtawa. Mungu akupokee kwa upole kuliko mimi nilivyokupokea kwenye mjadala, na akuache umalize sentensi zako.

Ufunguo wa Peckham nilimrudishia mwenye nyumba Ijumaa. Nilikuja na mabegi mawili na maboksi ya vitabu, na naandika haya kwenye kitanda chako. Jana nilikuwa nafungua mlango kwa ufunguo wako, akatokea yule jirani Mkenya, nesi, anayependa kujua mambo. Mlango ukawa wazi, mama yako ndani anachambua mchele. "Mama Zuhura, na huyu msichana ni nani wako?" Nikasimama na mfuko wa maziwa mkononi, nikingoja. Sikujua nataka aseme nini.

Mama yako hakuinua kichwa kwenye sinia.

"Huyu? Huyu anakaa hapa."

Raya